Badala ya Zambarau

Mwanadamu hukosa vitu vingi maishani mwake, na kwa kila akikosacho hutafuta badala. Aliyekosa mama hulelewa na shangazi; aliyekosa shamba hupanda mchicha katika ndoo mbovu; aliyekosa usingizi wa usiku huufidia mchana. Wahenga walilijua jambo hili, wakalisema kwa ukali wao: mkosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Methali hiyo aghalabu hutajwa kama ruhusa, kana kwamba inasema, chukua ulichopata wala usichague. Lakini ukiitazama vizuri utaona kuwa haikusema hata kidogo kwamba titi la mbwa ni titi la mama. Imesema tu kwamba mwenye njaa atalinyonya. Swali ninalotaka tulitazame limekaa katikati ya mambo hayo mawili. Je, anayekubali badala huwa ameikidhi haja yake, au ameidanganya nafsi yake? Na anayempa mwenzake badala, amemfanyia hisani au amemhadaa?

Nitalichunguza swali hili kwa kutumia kitu kidogo sana, yaani tunda. Wako watakaosema kwamba fikra nzito hazikai katika kapu la sokoni. Mimi naona hukaa humo zaidi kuliko penginepo. Mtu anaweza kuishi ughaibuni miaka 30 bila kuulizwa ana maoni gani juu ya nafsi na matamanio yake, lakini haipiti wiki bila kusimama mbele ya meza ya matunda akajiuliza anataka nini.

Tunda ninalolisemea ni zambarau. Msomaji aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hana haja ya kuelezwa. Kwa asiyelijua, ni tunda dogo la kadiri ya pingili ya kidole, jeusi lenye kung'aa likiiva, na ndani yake mna kokwa moja lililovikwa nyama laini. Likiwa halijakomaa sawasawa lina ukakasi unaoukausha ulimi. Likiiva huwa na utamu uliochanganyika na uchachu, lakini ukakasi haliuachi kabisa. Wauzaji huyapanga kwa mafungu au huyapima kwa kopo, na wengi huyanyunyizia chumvi. Mti wake ni mkubwa wenye kivuli kizito, na ndiyo sababu vilinge vya bao, mikutano na hata madarasa yamefanyika chini yake, na vitongoji vya pwani vikaitwa Mzambarauni. Lakini matawi yake ni mepesi kuvunjika, na kila mtaa una mtu mzima mwenye kovu alilolipata humo utotoni.

Lipo jambo jingine linalolitenga tunda hili na mengine. Limeipa lugha yetu rangi. Kama vile kahawa ilivyotupa kahawia, jivu likatupa kijivu na chungwa likatupa rangi ya machungwa, zambarau limetupa rangi ile iliyo kati ya nyekundu na buluu ambayo hatuna jina jepesi zaidi la kuitaja. Kila Mswahili anayeisifu kanga, anayelieleza wingu la magharibi au pahali palipovilia damu kwa rangi hiyo, amelitaja tunda, atake asitake. Watoto tulikuwa tukitoleana ndimi nje ili kuona nani amekula mengi zaidi. Hakuna aliyeweza kukana, maana ushahidi alikuwa nao kinywani.

Nimeishi Uingereza zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo nimelitafuta tunda hili katika miji kadhaa. Maembe yapo mwaka mzima. Mapapai yapo, na mananasi ndiyo yamejaa. Hata fenesi na stafeli huonekana katika maduka ya watu wa Asia na Karibi, ijapokuwa kwa bei ya kumfanya mtu alipapase na kulirudisha. Zambarau halionekani, na sababu yake si siri. Embe na ndizi huchumwa zikiwa bado ngumu, zikasafiri, zikaivia njiani au ghalani. Ni kule kule kuvumbika kwa bibi zetu, ila kwa mitambo. Zambarau halivumbikwi. Likichumwa bichi litabaki bichi mpaka lisinyae. Sharti lichumwe limeiva, na likiisha kuchumwa, katika joto la kwao, lina siku moja au mbili tu. Ni tunda la kuliwa karibu na mti wake.

Nilichokipata katika maduka hayo kilinipa kufikiri. Nilikuta nyama ya zambarau iliyogandishwa katika mifuko, maji yake matamu katika chupa, na unga wa kokwa zake katika kopo, kwa kuwa tiba za jadi za Kihindi huutumia unga huo kwa wenye kisukari. Kwa hesabu, tunda zima lilikuwapo, nyama, maji na kokwa, kila kimoja katika rafu yake. Kilichokosekana ni zambarau. Ndipo nilipoanza kuona kwamba kitu si jumla ya vipande vyake, na kwamba badala inaweza kutoka katika kitu chenyewe na bado ikawa badala.

Duka nililozoea kwenda liko Leicester, na mji huo una historia inayohusiana na maneno haya. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko. Walikuja hata hivyo, maelfu kwa maelfu, na leo barabara ya Belgrave ni fahari ya mji ule ule uliowakataa. Mwenye duka alizaliwa Jinja. Nilipomuuliza kwa Kiswahili kama aliwahi kuleta zambarau, alicheka akasema, "Jambula! Ngoja mwezi wa sita, mama. Huja kidogo, siku chache, basi kwisha."

Jina hilo halikunipita. Waganda huliita jambula, Wahindi huliita jamun au jambu, nasi twaliita zambarau. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 na kulala usiku mmoja, aliona watu wa kisiwa hicho wana tunda tamu sana, lenye kokwa, mfano wa zeituni, waliloliita jammun. Jina hilo ndilo Wahindi wanaloliita zambarau hata leo. Katika vitabu vya kale vya Kihindi nchi yao imeitwa Jambudvipa, yaani kisiwa cha mti wa jambu. Asili ya zambarau ni huko Asia ya kusini. Liliivuka bahari likaja kwetu, likaota, likatupa kivuli, likatupa hata rangi, nasi tukaliita letu. Kwa hiyo mtu wa pwani anayelililia zambarau Ulaya analililia tunda ambalo lenyewe lilikuwa mgeni pwani. Na embe ndivyo lilivyo, asili yake ni Asia. Papai, nanasi, pera, stafeli na korosho yametoka Marekani ya kusini na ya kati. Tukiyaondoa matunda yote yaliyokuja kwa jahazi na merikebu, kapu la kwetu litabaki na ukwaju, ubuyu, mabungo na mengine machache ya mwituni.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niliandike jambo hili.

Miaka michache iliyopita, katika kipaza cha baridi kali, bibi mmoja wa Mombasa ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa alikuwa amelazwa. Macho yake yalikuwa yamezimwa na kisukari, na chakula alikuwa amekikataa. Mwanawe alipomwuliza roho yake inataka nini, alisema anataka zambarau. Mwana yule aliwapigia simu watu wote aliowajua, na mimi nikiwamo. Ilikuwa Februari. Hata Bara Hindi lenyewe halina zambarau mwezi huo, maana huko huiva Juni na Julai. Kwetu pwani msimu ulikuwa unakatika, na hakukuwa na mtu wa kuyaleta yakafika yakiwa mazima.

Siku ya tatu mwana alinunua zabibu mbichi nyeusi, kubwa kubwa, akazikamulia ndimu kidogo, akazitia chumvi, akampelekea mama yake katika kikombe. Akamwambia, "Mama, zambarau hizi." Bi Mkubwa alitia moja kinywani, akatafuna polepole, akamaliza, akatia ya pili. Kisha akasema, "Zabibu hizi, mwanangu. Lakini chumvi umeipima vizuri." Akala zote.

Habari hiyo ilipotufikia iligawanya watu. Jamaa mmoja, mtu mzima mwenye kushika dini, alisema mwana amekosea: kumdanganya mzazi ni kumdanganya mzazi, na kumdanganya aliyepofuka ni vibaya zaidi, kwani amemvamia kupitia mlango ambao hawezi kuulinda. Wengine walisema mwana amefanya hisani, kwa kuwa mama hakuwa akila na sasa amekula. Binti mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu siku ile: kama Bi Mkubwa asingetambua, akafurahi akiamini amekula zambarau, nani angekuwa amepoteza nini?

Swali hilo nimelibeba muda mrefu. Mwanzo nilidhani jibu lake ni jepesi: badala ya haki ni ile inayotaja jina lake, na badala ya hila ni ile inayoiba jina la kitu inachokiwakilisha. Mwana angesema, "Mama, zambarau hakuna, nimekuletea zabibu nikazitia chumvi kama tulivyokuwa tukifanya," asingekuwa na deni. Kosa limo katika neno moja tu, jina. Kanuni hiyo inavutia kwa ufupi wake, na kwa muda niliishi nayo.

Lakini haikai vizuri ukiipima kwa maisha yetu. Sisi tulioko huku tunasonga ugali kwa unga wa ngano ya chengachenga unaouzwa kwa ajili ya uji wa watoto, nao tunauita ugali. Tunachemsha majani yasiyo mchicha tukayaita mchicha. Je, tunajiibia majina? Tena hata huko nyumbani, ugali uliokuwa wa mtama, wimbi na uwele uligeuka kuwa wa mahindi, na mahindi ni mmea wa Marekani uliokuja baada ya Wareno kuzifikia pwani zetu. Kama kuhamisha jina ni wizi, basi kila nyumba ya Afrika Mashariki ina kitu cha wizi jikoni. Hapana shaka haiwi hivyo. Jina linaweza kuhama kutoka kitu hiki hadi kile, kwa hadhara, watu wote wakijua na kuafiki, na hapo hakuna aliyedhulumiwa. Lugha yote imejengwa kwa kuhama huko.

Kwa hiyo uhalali wa badala hautoki katika kitu wala katika jina. Umo kati ya watu wawili, anayetoa na anayepokea. Anayesonga ugali wa ngano na kuupakua kwa wanawe hamfichi mtu. Mwenye kikombe cha zabibu alikuwa na mtu mmoja mbele yake ambaye hakutakiwa kujua. Na hapo ndipo ninapoweza kumjibu yule binti. Kama Bi Mkubwa asingetambua, angepoteza kitu ambacho hata yeye asingejua amekipoteza: angekuwa amebaki peke yake. Yeye angekuwa katika chumba chenye zambarau, na mwanawe katika chumba chenye zabibu, wamekaa kitanda kimoja. Mgonjwa hahitaji tunda tu. Anahitaji mtu wa kuwa naye pale alipo, hata kama pale alipo hapana tunda.

Nasema hivyo, lakini simhukumu mwana. Tazama jinsi mama alivyomwokoa. Hakumkemea wala hakujifanya hakujua. Alikitaja kitu kwa jina lake, kisha akaisifu kazi ya mkono wa mwanawe, kisha akala. Kwa maneno machache aliigeuza hila ikawa zawadi. Mwana alileta badala iliyojificha. Mama akaivua kitambaa cha uso, akaipokea ikiwa wazi. Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kwamba hata mpokeaji ana wajibu katika jambo hili. Mtoaji asidanganye, na mpokeaji asikatae kwa sababu tu kilichokuja si kile alichokiomba.

Wajibu huo wa pili ndio unaotushinda wengi. Namjua bwana mmoja aliyeapa tangu afike nchi hii kwamba tufaha halitapita kooni mwake. Kila tunda analoonyeshwa hulipima kwa la kwao na kuliona pungufu: halina harufu, limejaa maji, limekuzwa kwa dawa. Anadhani anailinda asili yake. Mwacha asili ni mtumwa, husema. Mimi naona amejifunga utumwa mwingine, kwa sababu hamu yake imekuwa jeuri. Waliopanda mzambarau wa kwanza katika pwani yetu walikuwa na matunda yao, na wenyeji waliolionja tunda lile jeusi la kigeni na kupigwa ukakasi wangeweza kulitema na kulikataa. Wasingelipokea wao, sisi leo tusingekuwa na la kulililia. Upande wa pili wako wanaosema, achana na mambo ya zambarau, umekuja huku kula vya huku. Hao nao wamesahau methali nyingine, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu aliyeacha kutamani cha kwao si kwamba ameridhika. Pengine ameziba sikio tu.

Bi Mkubwa alirudi nyumbani Machi, akawa na nafuu. Mwezi wa sita yule mwenye duka alinipigia simu. Visanduku vilikuwa vimefika kwa ndege, vichache, na kila kimoja bei yake ilikaribia ujira wa saa moja wa mfagiaji. Mazambarau yalikuwa yamesinyaa kidogo upande mmoja, lakini yalikuwa mazambarau. Nilichukua viwili. Tulikuwa watu wanne chumbani: Bi Mkubwa, mwanawe, mimi, na muuguzi aliyekuwa akija kumdunga sindano, naye ni binti wa Kerala.

Mwana ndiye aliyeonja kwanza. Alikunja uso. Alikuwa ameondoka Mombasa akiwa na miaka 9. "Mama, haya siyo," alisema. "Yetu yalikuwa matamu."

Bi Mkubwa akatia lake kinywani, akalizungusha, akalitoa kokwa lake kiganjani. "Ndiyo haya haya," akasema. "Yana ukali wake. Wewe ndiye uliyekuwa mtoto."

Kisha akaomba muuguzi apewe. Yule binti alipoona kisanduku alipiga ukelele mdogo akalitaja tunda kwa jina la kwao, njaval, akala matatu mfululizo amesimama, halafu akatuonyesha ulimi kama mtoto wa shule. Bi Mkubwa hakuuona ulimi ule, lakini tulipocheka alijua tunachekea nini. Kilichobaki aliagiza kifungwe apewe binti ende nacho.

Jibu alilompa mwanawe ndilo lililonifikisha ambapo sikuwa nimefika kwa kufikiri peke yangu. Sisi tunaoishi mbali huziogopa badala za dukani, tukajiona hodari kwa kuzitambua. Lakini badala kubwa kuliko zote tumeibeba wenyewe, nayo ni kumbukumbu. Kumbukumbu huliweka tunda katika sukari miaka 40. Hulitoa ukakasi, hulitoa funza aliyekuwamo ndani ya moja katika kila fungu, hulisahau tawi lililovunjika na mkono uliofungwa gango. Kisha hulipa kile kitu kitamu jina la zambarau. Hii ndiyo ile badala inayojificha, na anayedanganywa na anayedanganya ni mtu mmoja. Mwana aliyekuwa na utamu huo moyoni alikutana na zambarau la kweli akalikana. Mama aliyekuwa amepofuka alilitambua, kwa kuwa yeye hakuwa ameliboresha. Alikuwa amelitamani pamoja na ukali wake.

Naona hiyo ndiyo tofauti kati ya kukipenda kitu na kukitukuza. Anayekitukuza amekwisha kukibadilisha, na siku kikija hatakijua. Yanayosemwa hapa juu ya tunda yanaweza kusemwa juu ya nchi. Wako wanaotamani kurudi makwao kwa machozi, wakirudi hawakai miezi miwili, wanasema nchi imeharibika. Huenda kweli imeharibika. Huenda pia ndiyo ile ile, yenye vumbi lake na foleni zake na jamaa wanaoomba, na wao ndio waliokuwa watoto.

Linabaki suala la wanetu waliozaliwa huku. Wajukuu zangu hutumia neno zambarau kwa rangi ya penseli na ya sare ya mpira, na hawajapata kulionja tunda lenyewe. Wapo wazazi wanaoliona hilo kuwa msiba, kwamba mtoto ameshika ganda la neno bila kokwa lake. Sioni hivyo. Waingereza nao wana rangi waliyoiita kwa jina la chungwa, tunda lisilostahimili baridi ya mashamba yao, na jina lenyewe limetoka Bara Hindi likapita kwa Waajemi na Waarabu kabla ya kuwafikia. Hawajafa kwa hilo. Neno linaweza kukaa muda mrefu likingoja tunda lake.

Mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, ua za miiba za kando ya njia nchini humu hujaa matunda madogo meusi ambayo Waingereza huyaita blackberry. Hayauzwi, kila apitaye huchuma. Wazee wao huwaonya watoto wasiyachume baada ya tarehe 29 Septemba, eti shetani ameshayatemea mate, na mimi hukumbuka jinsi wazee wetu walivyotuonya tusipande mti saa saba mchana, eti una wenyewe. Rangi inayochafua vidole katika tunda hilo ni ya jamii moja na ile iliyomo katika zambarau na katika zabibu nyeusi. Wajukuu huchuma, hula, kisha hutoleana ndimi nje. Hakuna aliyewafundisha.

Mara ya kwanza kuwaona wakifanya hivyo nilitaka kuwaambia kwamba hizo ndizo zambarau za huku. Ningesema hivyo wangeniamini, na wangekua wakiyaita hivyo, na pengine baada ya karne lingekuwa jina halali kama ugali wa mahindi. Sikusema. Niliwaambia hilo ni tunda la hapa, lina jina lake, ni zuri. Na kwetu lipo jingine, jeusi zaidi, lenye kokwa moja na ukali wa kukausha ulimi, ambalo rangi mnayoitaja kila siku imetoka humo. Mmoja akauliza lipi ni bora. Nikamwambia hilo atalijibu mwenyewe siku atakapoyala yote mawili.

Hapo ndipo nilipofikia, na sidai kwamba ni mwisho wa swali. Badala si dhambi, na asiyeikubali hujitesa na huwatesa waliomkaribisha. Lakini badala isiingie usiku ikalala katika kitanda cha mwenyewe. Na iambiwe mtu yule anayeihitaji zaidi kuliko wote, naye mara nyingi ni sisi wenyewe: hiki si kile, na kile nacho kilikuwa na ukakasi.